Chizibaga (baga ya jibini) yenye bekoni: nimeuliza ndani mna nini, kila mtu anajua kipande chake tu

Mama_wa_Himbi

Habari zenu wote. Naandika hii mikono bado ikinitetemeka kidogo, mnivumilie.

Jumapili tulikuwa na sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa dada yangu. Watoto saba, mahali pazuri pa kula, hapahapa Goma. Jina silitaji, na nawaomba hata anayepahisi asipataje. Binti yangu ana miaka tisa na ana aleji ya mayai tangu alipokuwa anatambaa. Nyumbani tumeizoea, hata wadogo zake wanajua. Nilimwambia mhudumu waziwazi: huyu mtoto hali yai, mayonezi usimwekee. Akaandika. Akarudi na sinia, kila mtoto na baga yake: nyama ya ng'ombe, fromaji (jibini) iliyoyeyuka ikishuka pembeni, vipande viwili vya bekoni ya nguruwe, nyanya, saladi, na viazi vya kukaanga.

Aliuma mara tatu. Mara ya nne akaiweka chini, akaanza kujikuna shingo. "Mama, ulimi unaniwasha." Sikumaliza hata kumfuta mdomo, naona mdomo wa juu unavimba, vipele vinashuka kifuani. Kisha kikohozi, kikavu, kifupi kifupi. Hicho kikohozi ndicho kilinitoa kwenye kiti. Shemeji akawasha gari, tukafika hospitali, wakamdunga sindano ya paja, akalazwa hadi asubuhi. Mungu ni mwema, sasa anaruka kamba nje ninapoandika.

Kesho yake nilirudi kuuliza. Sikwenda kugombana. Mhudumu aliniambia ndani mna nyama, fromaji, bekoni na mkate. Nikauliza, mkate una nini? Akasema, mkate ni mkate. Nikaomba kumwona mpishi. Ni kijana wa heshima, alisikitika kweli, lakini sosi anaipata kwenye ndoo, mikate inaletwa asubuhi na mtu, nyama anaikuta imeshasagwa na kuviringwa. Kila mtu pale anajua kipande chake, na hakuna anayeijua baga nzima.

Naomba wenye ujuzi tuifungue tabaka kwa tabaka. Yai lilikuwa wapi?

Jiko_la_Birere

Pole sana mama. Nimepika baga miaka sita, nitakujibu kama ningekuwa nimesimama jikoni.

Yai linaweza kuwa sehemu nne. Ya kwanza ni mkate wenyewe. Ile mikate laini ya mviringo, yenye utamu kidogo, mara nyingi ina maziwa, siagi na yai ndani ya unga. Angalia juu: kama unang'aa rangi ya kahawia kama kiatu kilichopigwa dawa, karibu kila mara umepakwa yai lililokorogwa kabla ya kuingia tanuri. Mkate usiopakwa kitu huwa na ngozi kavu, isiyong'aa.

Ya pili ni nyama. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta ya kutosha haihitaji kitu, ukiikanda na chumvi inashikana yenyewe. Lakini nyama ikiwa kavu, au mtu akitaka kilo moja itoe baga nyingi zaidi, anaongeza mkate uliosagwa na yai. Hapo una yai na ngano ndani ya kitu ambacho mteja anakiita nyama.

Ya tatu ni sosi. Si mayonezi peke yake. Ile sosi ya rangi ya machungwa ambayo kila mahali wanaiita sosi ya nyumbani, nyingi ni mayonezi iliyochanganywa na sosi ya nyanya, haradali na achari iliyokatwakatwa. Mteja anakataa mayonezi, mhudumu anaweka ile nyingine akidhani ametii.

Ya nne ni kisu. Kisu kimoja kinapaka mikate yote saba.

Mama_wa_Himbi

Kaka, umenifanya nimwite binti yangu nimuulize polepole. Amesema hivi, nanukuu: "Mkate wangu ndani ulikuwa na maji maji meupe, kama mtu ameufuta." Mikate ya wenzake ilikuwa na sosi nene.

Nadhani waliupaka kwanza kama mingine, mtu akakumbuka, akaupangusa kwa kisu.

Jiko_la_Birere

Basi umepata. Hiyo nimeiona kwa macho yangu jikoni, wakati wa watu wengi, tiketi kumi zinangoja. Mtu anaona kutupa mkate ni hasara, anapangusa. Mkate una matundu, mama. Mayonezi imeshaingia.

Muuguzi_Katindo

Mama wa Himbi, pole, na hongera kwa kutosubiri. Hayo maelezo ya mtoto ni ya thamani, yaandike kwenye karatasi yake ya hospitali.

Niongeze jambo moja juu ya yai. Yai bichi na yai lililookwa ndani ya unga si kitu kimoja kwa mwili wa mwenye aleji. Katika ute mweupe kuna protini kadhaa. Moja inaharibika kwa joto, nyingine inavumilia moto. Ndiyo maana watoto wengi wenye aleji ya yai wanaweza kula keki au mkate ulioiva vizuri bila shida, lakini kijiko cha mayonezi, ambayo kwa kawaida ni yai lisiloiva na mafuta na siki, kinawaangusha. Si wote. Wapo ambao hata mkate uliopakwa juu unawadhuru. Tafadhali msijaribu nyumbani kuona mtoto wenu yuko kundi gani, hilo linafanywa mbele ya daktari, dawa ikiwa mezani.

Na kwa wanaosoma: vipele vya ngozi peke yake vinaweza kusubiri ushauri. Vipele pamoja na kikohozi, sauti kukwaruza, kutapika au kizunguzungu, hilo ni jambo la kukimbia. Dawa yake ni adrenalini, kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kuwashwa ambavyo wengi tunavyo kabatini vinapunguza mkuno, lakini havifungui njia ya hewa. Wakati mnangoja gari, mlaze mtoto na miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Msimsimamishe ghafla. Walimlaza usiku kwa sababu dalili zinaweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa, hata mtoto akiwa tayari anacheka.

Kitu kingine ambacho kina mama hawaambiwi: chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwenye mayai ya kuku. Mwenye aleji ya yai amwambie mchanjaji kabla ya sindano.

Kijana_wa_Virunga

Samahani niingilie. Mimi yai nakula, shida yangu ni fromaji. Nikila baga yenye fromaji tumbo linajaa, linanguruma, halafu chooni. Na mimi ni aleji?

Muuguzi_Katindo

Bila kukupima siwezi kusema, lakini ulichoeleza kinafanana zaidi na tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, laktosi. Watu wazima wengi wa kwetu tuko hivyo, ni kawaida kabisa. Inasumbua, haiui. Aleji ya maziwa ni jambo jingine: mwili unapigana na protini ya maziwa, na hapo hata kipande kidogo kinaweza kuleta yale yaliyompata mtoto wa mama.

Jaribu kulinganisha jibini mbili. Ile ya Masisi, magurudumu ya njano aina ya gouda tunayonunua sokoni, ikishakomaa inabaki na laktosi kidogo mno, kwa sababu bakteria wameshaila na maji ya maziwa yametoka. Lakini vile vipande vya mraba vilivyofungwa kwenye plastiki kimoja kimoja ni jibini iliyoyeyushwa upya na chumvi maalumu za kuilainisha, na mara nyingi wanaongeza unga wa maziwa. Hivyo ndivyo vinavyoyeyuka vizuri juu ya nyama bila kutoa mafuta, na hivyo pia ndivyo vyenye laktosi zaidi.

Kijana_wa_Virunga

Ya Masisi naila nyumbani na ndizi, hainifanyi kitu! Kumbe.

AbuSalim

Asalam alaikum. Dada pole kwa mtoto.

Mimi nauliza ya bekoni. Sisi Waislamu hatuli nguruwe, na majirani zangu Waadventista na Wakimbangu pia hawali. Tukiagiza baga tunasema usiweke bekoni. Baada ya kusoma habari ya kisu nimekaa kimya muda mrefu. Ile chuma wanayochomea ni moja?

Jiko_la_Birere

Mzee wangu, sitakuficha. Sehemu nyingi ni bamba moja la chuma, na mwiko mmoja wa kugeuzia. Bekoni ina mafuta mengi, tena yule anayejua kazi huichoma kwanza ili mafuta yake yaipe nyama ladha. Hata baga isiyo na bekoni imekaangwa humo. Ukitaka uhakika, uliza kama wana kikaango cha pembeni, au nenda kwa wanaotumia bekoni ya ng'ombe au ya bata mzinga kwa wote.

Na viazi nayo ni hivyohivyo. Mafuta yaleyale yanakaanga viazi, kuku wa unga, na hapa Goma sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mwenye aleji ya samaki anaagiza viazi vitupu, anapata mafuta ya samaki.

AbuSalim

Nashukuru kwa ukweli wako. Mungu akuzidishie.

Lishe_ISTM

Nasomea lishe, mwaka wa mwisho. Hakuna aliyegusa upande wa chakula chenyewe, nami baba yangu ana tansio, shinikizo la damu, ndiyo maana hii mada inanihusu. Nimepiga hesabu ya baga moja ya kawaida, kwa makadirio ya majedwali ya vyakula tunayotumia darasani. Nyama mbichi gramu 150 yenye mafuta asilimia 20, mkate gramu 75, jibini gramu 30, vipande viwili vya bekoni, kijiko kimoja cha mayonezi na kimoja cha sosi ya nyanya.

Inatoa kama kalori 820. Nyama ikishaiva inabaki na kalori kama 300, mkate 210, jibini 110, mayonezi karibu 100, bekoni kama 85. Protini inakaribia gramu 47, na hiyo si mbaya hata kidogo: nyama ya ng'ombe inakupa madini ya chuma, zinki na vitamini B12, jibini inakupa kalsiamu. Sitaki mtu aseme baga ni sumu. Mtoto mwenye upungufu wa damu akila nyama ile, anapata kitu.

Shida iko kwenye mafuta na chumvi. Mafuta yote ni kama gramu 47, na katika hayo kama 17 ni yale yanayoganda, ya nyama, jibini na bekoni. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2000, Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati, yaani kama gramu 22 kwa siku nzima. Umemaliza robo tatu kwa mlo mmoja. Chumvi ndiyo inayonitisha zaidi. Mkate una chumvi, jibini ina chumvi, bekoni imelazwa kwenye chumvi, sosi zina chumvi, na mpishi ananyunyiza yake juu ya nyama. Jumla inakaribia gramu 4. Kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5. Na hatujaweka viazi. Hatujaweka soda, chupa ya mililita 330 ambayo inaweza kuwa na gramu 35 za sukari.

Ukionja, haisikiki kama chakula cha chumvi. Utamu wa mkate na sosi unaifunika. Baba yangu aliacha kuweka chumvi kwenye sombe (majani ya muhogo), akajisifu, kumbe kila Ijumaa kazini wanaagiziwa hizi.

Mama_wa_Himbi

Mwanangu asante. Na ile bekoni, nasikia inaleta kansa, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

Lishe_ISTM

Mama, ni kweli, ila ielezwe vizuri. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama zilizosindikwa, bekoni, soseji, hamu (paja la nguruwe lililosindikwa), kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaweza kuleta kansa kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Kundi hilo lina sigara pia, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Kuwa kundi moja maana yake ushahidi ni imara, si kwamba hatari ni sawa. Walikadiria kwamba kula gramu 50 kila siku kunaongeza hatari ya kansa hiyo kwa kama asilimia 18. Kila siku. Binti yako na vipande viwili vya sikukuu hayuko huko.

Kinachotajwa sana ni nitriti, kwenye pakiti inaandikwa E250. Inaipa bekoni ile rangi ya waridi, na inazuia bakteria wa hatari sana wasiote. Kwa hiyo haikuwekwa kwa ubaya.

Matonge_Bruxelles

Nawasoma kutoka Ubelgiji, mimi ni mtoto wa mtaa wa Majengo. Nafanya kazi jikoni hapa. Huku kuna vitu 14 ambavyo sheria ya Ulaya inataka mteja aambiwe, hata kwenye chakula kisichofungwa, tangu Desemba 2014. Nafaka zenye gluteni, yai, maziwa, samaki, kamba na jamii yake, konokono na chaza, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, soya, ufuta, haradali, seleri, lupini (jamii ya kunde) na salfaiti (dawa ya kuhifadhi chakula). Baga moja yenye bekoni na jibini inaweza kubeba saba bila wewe kuona: ngano, yai, maziwa, soya ndani ya mkate, ufuta juu yake, haradali kwenye sosi, salfaiti kwenye achari. Sosi nyeusi ya Worcestershire nayo ina dagaa wa chumvi ndani, hapo umefika nane.

Ufuta usiuchukulie kuwa ni zile mbegu za juu tu. Mwaka 2016 msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga, hauonekani, na karatasi yake haikuandikwa. Wazazi wake walipigania jambo hilo hadi sheria ikabadilishwa, ikaanza Oktoba 2021. Marekani nayo ufuta uliingia rasmi kwenye orodha Januari 2023, lakini baadhi ya viwanda vya mikate vikaona kusafisha mashine ni kazi kubwa, vikaongeza ufuta kwa makusudi na kuuandika. Wenye aleji waliumia sana kwa hilo. Kwa hiyo sheria peke yake haimalizi.

Kwetu huku jikoni tuna karatasi moja ukutani. Mistari ni vyakula, safu ni vile vitu 14, alama ya msalaba. Msambazaji akibadilika, karatasi inabadilika siku hiyohiyo.

Kijana_wa_Virunga

Na karanga? Huku kwetu karanga ziko kila mahali, fumbwa (mboga ya majani), mchuzi, hata mafuta.

Matonge_Bruxelles

Kwenye baga yenyewe hazipaswi kuwepo. Lakini jikoni linalopika fumbwa mchana na baga jioni, kwa mwiko uleule, ni lazima kuuliza. Umeona vizuri, leki, mdogo wangu.

Mama_wa_Himbi

Ndugu zangu, nimerudi pale leo mchana. Nilichapisha maneno ya kaka wa Matonge nikaenda nayo, na daftari la binti yangu la hesabu kwa sababu lina mraba. Yule mpishi alinipokea. Tukakaa nyuma, karibu na gesi, tukaanza kuandika. Alipindua ndoo ya sosi tukasoma karatasi iliyobandikwa chini, nusu imefutika kwa mafuta: kiini cha yai, haradali, na soya. Nyama akampigia simu anayeisaga, akasema wazi anaweka yai na mkate mkavu. Kwa hiyo hata bila kisu, mtoto wangu alikula yai. Nilimtazama mpishi, naye alikuwa hajui. Miezi minane anaichoma.

Karatasi wameibandika kwenye mlango wa jokofu. Mpishi ameomba nyama ya watoto ije tupu, bila yai, kwenye chombo chenye mfuniko wake. Kisu cha kijani kitakuwa cha wenye aleji. Mkate ndio haujapatiwa jibu, maana anayeuleta anapaka yai juu ya yote.

Tanuri_la_Ndosho

Mama, ni mimi ninayeleta mikate sehemu hiyo na nyingine mbili. Nimesoma uzi wote tangu jana, nilikuwa natafuta namna ya kuandika.

Yai napaka kwa ajili ya mng'ao, wateja wanaupenda. Ndani ya unga siweki yai, naweka ngano, maziwa ya unga, sukari, mafuta, chumvi na levire (hamira). Lakini brashi ni moja, na sinia ni zile zile. Ninaweza kutoa mikate ishirini kabla sijavunja yai hata moja, saa kumi alfajiri, kwenye sinia mpya, nikaipaka maziwa badala yake. Itakuwa na mng'ao mdogo. Nitaikata alama ya msalaba juu ili wasiichanganye.

Muuguzi_Katindo

Ndugu yangu, maziwa ya ndani ya unga na ya juu yaandike pia kwenye ile karatasi. Yuko mtoto mwingine atakayekuja na aleji ya maziwa.

Tanuri_la_Ndosho

Basi juu nitapaka maji ya sukari, na maziwa ya ndani ya unga yaandikwe kwenye karatasi. Mama, nianze lini?

Mama_wa_Himbi

Jumamosi. Nitakuja saa kumi na moja na binti yangu, anataka kuuona huo msalaba.